Betri za Baba Mdogo

Miaka ile ukimwona mtu ameshika sukari, swali la kwanza halikuwa bei. Swali lilikuwa: kaitoa wapi? Mimi swali hilo lilinikaa kichwani nikiwa msichana na halijatoka mpaka leo. Wajukuu wangu hunicheka kwamba hata nikiletewa kitenge cha zawadi nakigeuza kwanza upande wa nyuma. Waache wacheke. Wao hawakupanga foleni ya sabuni Babati tangu alfajiri, wakaambiwa imekwisha, huku kwa macho yao wanaona katoni inatolewa kwa mlango wa uani.

Tulikaa Nakwa, nje kidogo ya Babati, mimi na mama, baada ya baba kufariki. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nangoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kuja. Kaka yangu, mtoto wa kwanza, alikuwa amepata nafasi ya kusoma uhandisi katika nchi moja ya baridi huko mashariki ya Ulaya. Mama hakujua kusoma. Barua za kaka nilimsomea mimi na majibu nikayaandika mimi, na mama hakuniamini hata kidogo. Nikimaliza kusoma aliichukua barua, akaitazama mbele na nyuma, akauliza, "Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mama."

"Karatasi zote hizi?"

Kwa hiyo kushuku nimerithi, sikujifunzia kwenye foleni.

Nadhani kaka naye aliligundua hilo, maana siku moja mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anarudi nyumbani alipita kwetu na redio kaseti. Ilikuwa ya kijivu, nzito kama jiwe la kusagia, ina maiki yake ya waya na kaseti kadhaa tupu. Katika kaseti moja kaka alikuwa amejirekodi. Alisema kuanzia sasa mama aongee mwenyewe na asikie mwenyewe. Mama aliposikia sauti ya mwanawe ikitoka kwenye kile chombo alilia, akafuta machozi, kisha akanitazama mimi kwa jicho la mtu aliyepata shahidi.

Majirani nao walitutazama. Ulikuwa wakati wa msako wa wahujumu uchumi, na watu walikuwa wamefukia vitenge mashambani kama viazi. Chombo cha kunasa sauti kimeingia nyumba ya mjane, kimeletwa na kijana aliyevaa koti: watu wakajumlisha wenyewe. Jirani yetu wa ukuta wa pili, mama ambaye zamani alikaa kwetu akipiga soga mpaka ugali wake unaungua, sasa aliishia mlangoni. "Siingii, nina haraka," alisema. Akilazimika kuingia alikaa ukingoni mwa kiti, akaitazama redio, na kusema kwa sauti ya mkutano wa hadhara, "Kwa kweli viongozi wetu wanajitahidi sana." Halafu akaondoka bila kusema alichokuja kuomba.

Kazi ya kukielewa chombo ikawa yangu. Maandishi yake yote yalikuwa ya herufi za ajabu, nyingine zimegeuziwa mgongo, na kwenye boksi hamkuwa na kitabu cha maelekezo ambacho ningeweza kukisoma. Mwanzo kitufe chekundu cha kurekodia kiligoma kabisa kushuka. Nilimshuku yule kijana wa koti, kwamba amebadilisha vyuma vya ndani njiani, na nilimsema vibaya kwa muda mrefu kabla sijalinganisha kaseti. Ile ya kaka ilikuwa imevunjwa vijisikio viwili vya plastiki kwa nyuma. Zile tupu zilikuwa navyo. Kumbe ndivyo mtu anavyofunga kaseti isifutwe. Nilipoweka tupu, nikabonyeza chekundu pamoja na kile cha kuchezea, vikashuka vyote viwili.

Tukarekodi. Tukasikiliza. Ikatoka ngurumo tupu, mmmm, na mama kwa mbali sana kama yuko ndani ya pipa. Nikagundua kwamba maiki nilikuwa nimeilaza juu ya redio yenyewe, ikawa inanasa mzunguko wa mashine. Nikaihamishia mezani, juu ya blanketi lililokunjwa, mbali kadiri waya ulivyofika. Ngurumo ikapungua, ukungu ukabaki. Kile kichuma kinachogusa utepe kilikuwa kichafu, na cha kukisafishia ni spiriti, na spiriti hata hospitali hawakuwa nayo. Nikapata kinywaji kikali kidogo kwa mama mmoja ambaye sitamtaja hata leo, nikachovya pamba, nikasugua. Nyumba ilinuka kilabu, na jirani alipopita akapata la kuongeza.

Likabaki tatizo la sauti ya mama yenyewe. Mama aliongea chini chini, kichwa ameinamisha. Ubavuni mwa redio palikuwa na swichi ndogo ya kwenda juu na chini, na kigurudumu karibu yake. Swichi ikiwa chini, kigurudumu ndicho kilichopanga ukubwa wa sauti, na mama aliposogea kidogo tu alipotea. Swichi ikiwa juu, kigurudumu hakikufanya kitu. Chombo kilijipangia chenyewe, na sauti ya mama ikatoka imejaa, kama amekaa pembeni yako. Nilifurahi nikapiga makofi.

Furaha haikudumu. Mama alipokuwa anaongea kila kitu kilikuwa sawa. Aliponyamaza, chombo kilijiongeza. Ukimya wake ulianza kuvuma, kisha akasikika kuku nyuma ya jiko, kisha mtu anapasua kuni, na mwisho, wazi kabisa, sauti ya jirani yetu nje ya ukuta akimwambia mumewe, "Kisogeze kile kigunia nyuma ya mabua, wasikione." Mimi na mama tukatazamana.

"Kumbe mtu akinyamaza ndipo kinasikia zaidi," mama akasema.

Nikamweleza nilivyoelewa: ukiongea karibu kinajipunguza, ukinyamaza kinatafuta cha kusikia mpaka kikipate. Nikashika swichi niirudishe chini.

"Kiache hivyo hivyo," akasema. "Usikiguse."

Na mama alinyamaza mara nyingi. Kwao milimani Mbulu salamu haikimbizwi. Unauliza habari za nyumbani, unanyamaza, unajibiwa. Unauliza za ng'ombe, unanyamaza. Mbele ya maiki alifanya vile vile. "Hujambo mwanangu?" Kimya. "Baridi ya huko unaivumilia?" Kimya kirefu, utepe unazunguka bure. Nilimwambia, "Mama, hawezi kukujibu, unamaliza kaseti." Akanijibu kwa kunishangaa, "Atajibu akiisikia. Nisipomwachia nafasi, aongee juu ya maneno yangu? Nimemlea hivyo?" Nikaacha utepe uzunguke.

Basi chombo kikawa kimeeleweka, ila betri zikafa. Mawe, kama tulivyoziita, hayakuwepo Babati nzima. Yale ya zamani niliyaanika juani juu ya bati, yakapata nguvu ya kuzungusha utepe kwa unyonge, yakafa tena. Hapo ndipo baba mdogo alipoingia.

Baba mdogo alikuwa mdogo wake marehemu baba. Mtu wa shughuli, mara yuko Arusha, mara Singida, na shughuli yenyewe hakuna aliyeweza kuitaja. Tangu msiba alikuwa anatuletea sukari, mara sabuni ya mche, na kila alipoleta mimi nilisema asante, kisha nikakigeuza kifurushi upande wa nyuma. Mtu anayekupa sukari wakati ule alikuwa ama malaika ama ana jambo. Malaika sikuwahi kumwona akivaa saa mbili, moja kila mkono, kama yeye.

Jambo lake lilikuwa shamba la Singe. Ndilo alilotuachia baba, la mahindi na mbaazi, na ndilo lililotufanya tusitegemee foleni ya unga wa njano wa msaada. Likiondoka, mimi na mama hatukuwa na kitu kingine. Siku ya kumaliza matanga wazee wa ukoo walisema shamba liko mikononi mwa kaka, arudi aliangalie. Baba mdogo hakusubiri arudi. Alimwandikia kwamba shemeji yake amechoka, hawezi tena jembe, na ameridhika kumwachia yeye moja kwa moja. Kaka akatujibu kwa kaseti, tukaicheza kwa nguvu ya mwisho ya betri zilizoanikwa, baba mdogo mwenyewe akiwa ameketi kwetu anasikiliza: "Mimi sina neno. Lakini siwezi kusema ndiyo mpaka nimsikie mama kwa sauti yake. Akisema ameridhika, basi."

"Amesema vizuri kabisa," baba mdogo akasema. "Atamsikia." Akatoa mfukoni mwa koti betri mpya, bado ziko kwenye karatasi yake ya kiwandani. Nilizikodolea macho. Alituwekea kwenye redio ile kaseti imalizike, kisha akafungua mfuniko, akazitoa moja moja, akazirudisha mfukoni. "Nitakuja nazo Jumapili tukitoka kanisani. Tutarekodi pamoja. Vitu hivi vinaibwa."

Alipotoka nilimgeukia mama. "Umekubali?"

"Sijakubali."

"Kwa nini humwambii?"

"Nimtazame usoni mdogo wa marehemu, anayeniletea sukari, nimwambie hapana? Halafu kesho wakija kuuliza shamba la mjane analima nani, ofisini nitasimamiwa na nani? Na wewe?"

Nilikasirika mpaka nikatoka nje. Nilimkasirikia baba mdogo, nikamkasirikia kaka aliyeona kazi ni rahisi, lakini zaidi nilimkasirikia mama. Niliona anakwenda kulitoa shamba letu kwa adabu.

Jumapili ilifika. Baba mdogo alikuja amevaa koti lile lile, akanikabidhi betri kama askari anayegawa risasi. Nikampa shikamoo, akaitika bila kunitazama. Nilipanga kila kitu mahali pake: blanketi, maiki, kaseti tupu ambayo vijisikio vyake nilivihakikisha. Mkono wangu ulipofika kwenye swichi ya ubavuni, mama, ambaye nilidhani hatazami, alikohoa. Nikaiacha juu.

Baba mdogo hakukaa kwenye kiti cha mgeni. Alivuta kigoda, akakaa nyuma ya bega la mama.

Mama akaanza kwa kilugha chetu. "Hujambo mwanangu?" Akanyamaza. Baba mdogo akaanza kuchezesha mguu. "Masomo yanaendaje?" Kimya. "Unakula vizuri?" Kimya. Kisha mama akasema, "Sisi hatujambo. Baba yako mdogo anatuangalia." Akanyamaza tena, na safari hii ukimya ulizidi. Mguu wa baba mdogo ulisimama. Akainama, akaweka mdomo karibu na sikio la mama, na kunong'ona kwa pumzi tu, sauti ambayo mimi niliyekuwa upande wa pili wa meza sikuipata.

"Mvua zimekuwa nzuri," mama akasema. Akanyamaza.

Baba mdogo akanong'ona tena, mshipa wa shingo umemtoka.

"Kuhusu shamba," mama akasema. Akanyamaza. Mnong'ono mrefu. "Kuhusu shamba, mwanangu, niseme nini." Akanyamaza. Mnong'ono. "Nimeridhika." Akanyamaza kwa muda ambao sijawahi kuusahau, na baba mdogo, kwa kuona hilo halikutosha, akaendelea kumnong'oneza. Mwishowe mama akasema, "Ubaki salama," akanionyesha kwa kidole nizime.

Baba mdogo alijifuta jasho. "Hebu rudisha tusikilize," akasema.

Mimi nilinyoosha mkono nirudishe, maana sikujua kitu. Mama ndiye aliyejibu, taratibu, akikunja blanketi. "Shemeji, mawe haya umeyapata kwa shida. Tukiyamaliza leo kwa kusikiliza tuliyoyasikia, jibu la mwanao tutalisikia kwa nini?"

Lilikuwa neno la mtu anayejua ugumu wa maisha, na baba mdogo alilikubali. Alizitoa betri zake, akazihesabu, akazitia mfukoni. Alisema kesho anakwenda Arusha, atakuja kuichukua kaseti asubuhi, aiposti mwenyewe. Mama akasema vizuri, ataishonea kitambaa isivunjike njiani.

Alipokwenda nilipanda juu ya tangi la maji lililokuwa ukutani, nikashusha betri zetu za zamani zilizokuwa zinaanikwa juu ya bati. Nilitaka kusikia tumeuzwa kwa maneno gani. Betri zilikuwa dhaifu, utepe ukawa unajikokota, na mama akatoka na sauti ya mwanaume mlevi. "Huuujaaambo mwanaaangu." Kimya kikaanza kuvuma. Kuku. Kisha ikaja sauti nyingine, nzito, inavutika, lakini kila neno limesimama: "Seeema umechoka. Sema shamba unanipa mimi. Usizungukezunguke, shemeji, sukari unakunywa ya nani?"

Nilizima. Nikawasha tena. Yote yalikuwemo. Kila mama alipomwachia mwanawe nafasi ya kujibu, aliyejibu alikuwa baba mdogo. Na betri zake mpya ndizo zilizokipa chombo nguvu ya kumsikia.

Unaweza kudhani nilishangilia. Nilipata woga. Niliona kaka atachanganyikiwa, ataona ni kasoro ya mashine. Niliona baba mdogo ataomba redio kwa mtu Arusha asikilize, na hapo tumekwisha. "Mama," nikasema, "tugeuze upande wa pili, useme ukweli wako, hata kwa betri hizi."

Mama alikuwa ameketi mlangoni na sindano, anatunga uzi. "Lete hiyo kaseti."

"Lakini mama, imenasa..."

"Usikiguse," akasema, kama siku ile ya swichi. Akaifunga kwenye kitambaa cheupe, akaishona pande zote kwa mshono wa karibu karibu ambao huwezi kuufungua ukaurudisha. Asubuhi akamkabidhi baba mdogo kwa mikono yake miwili na kumtakia safari njema. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango, nimeuma ukosi wa gauni langu.

Miezi ya kungoja ilikuwa mibaya. Baba mdogo akichelewa kuja nilisema ameisikia. Akija mapema nilisema ameisikia. Akicheka nilimtazama meno, asipocheka nilimtazama macho. Sukari aliyoleta niliinusa. Mama alipalilia mbaazi Singe na hakuongea habari za kaseti kabisa, na hilo nalo nilishindwa kulielewa, nikaanza kumshuku na yeye.

Jibu la kaka lilifika kwa posta, kaseti moja. Baba mdogo alipata habari siku hiyo hiyo, sijui kwa nani. Alikuja na betri, na hakuja peke yake. Alikuja na wazee wawili wa ukoo, wawe mashahidi. Aliwaketisha vizuri, akakaa katikati yao, akaniambia, "Washa, binti, na uongeze sauti."

Nikaongeza sauti.

"Mama, shikamoo," kaka akasema, kisha akanyamaza. Alinyamaza kweli, kama mtu aliyesimama mlangoni anangoja.

"Marahaba, mwanangu," mama akaiambia redio.

"Habari za nyumbani?" Kimya.

"Nzuri."

Wazee wakatikisa vichwa wakapendezwa. Mtoto hajaharibika na Ulaya. Kaka akawapa shikamoo wazee wa ukoo kama wapo, wakaitika. Kisha akasema, "Baba mdogo, shikamoo." Kimya.

"Marahaba!" baba mdogo akaitikia kwa nguvu, ametabasamu.

"Najua upo hapo," kaka akasema. "Hata mara ile ulikuwepo. Nilikusikia vizuri kuliko nilivyomsikia mama." Hapo akaacha nafasi nyingine, ndefu, na safari hii hakuna aliyeijaza. Ilivuma tu. "Nilisema nataka kusikia kwa mdomo wa mama. Ulichotaka aseme nilikisikia kwa mdomo wako. Sukari anayokunywa mama nitairudisha nikija. Shamba la Singe ni la mama kulima mpaka nirudi, na wazee nawaomba mshuhudie hilo."

Mzee mmoja alimgeukia baba mdogo, akamwuliza kwa upole sukari inaingiaje katika maneno ya shamba. Baba mdogo alisimama. "Chombo hiki kina kasoro," akasema. "Nilisema tangu mwanzo kina kasoro." Akatoka, na kwa haraka ile akasahau betri zake ndani ya redio. Hakuzirudia. Tulizitumia mpaka zikavuja.

Wazee walikunywa chai wakaenda, na mama akaniambia niweke kaseti tupu, anataka kumjibu mwanawe. Nikapanga blanketi, nikapanga maiki, nikabonyeza vitufe viwili. Mama akaanza, na akaenda moja kwa moja kama maji yaliyofunguliwa: hujambo, sisi hatujambo, mahindi yamekomaa, dada yako hajapata kazi, ndama amekufa, jirani siku hizi anaingia ndani tena. Kaseti ilizunguka upande mzima na hakupumzika popote. Nilipozima nikamwuliza, "Mama, mbona leo hujamwachia kaka nafasi ya kujibu?"

Alikuwa ameshainuka, anatafuta jembe lake nyuma ya mlango.

"Leo ningemwachia nani?" akasema, akaenda Singe.